Bel Air ya 57 iliyofanyiwa kastomu: anza na mlango, rangi baadaye

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Houston, Texas, mzaliwa wa Tanga, dereva wa malori kwa miaka 11. Kwa ufupi ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Kuna Chevrolet Bel Air konvatibo ya 1957 inauzwa huku, imefanyiwa kastomu, rangi nyekundu ya kandi, injini LS3, breki za diski mbele na nyuma, imeshushwa kwa mifuko ya hewa na vitasa vya milango vimetolewa. Jamaa anataka dola 92,000. Mke wangu anasema natupa hela. Mi naipenda hii gari toka mdogo, mzee wangu alikuwa na kalenda yenye picha yake ukutani. Je, nichukue hii au nitafute orijino? Na nikienda kuiona Jumamosi niangalie nini? Siku moja ningependa niipeleke nyumbani Tanga."

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya kalenda ya mzee imenigusa, na ndo maana sitakujibu kwa mistari miwili. Miaka 19 nimekaa kwenye gereji za kastomu huku kusini mwa California, kazi yangu hasa ni bodi na fremu, na magari ya wazi, ndo hizo konvatibo, ya miaka ya hamsini yamepita mikononi mwangu mengi tu, mazuri na mabovu, kwa hiyo ninachokwambia hapa nimekishika.

Nianze na lile ambalo litaniuma ukilikosa. Ukifika pale Jumamosi gari itakuwa imeshaoshwa na kupigwa nta, iko juani, nyekundu inawaka kama kaa, jamaa ameshawasha injini uisikie ikiunguruma, na hapo roho yako itakuwa imeshaenda. Usiiangalie rangi. Nenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, chuchumaa, angalia ule upenyo ulioko kati ya mlango na bodi ya nyuma yake, kuanzia juu mpaka chini. Unatakiwa ulingane. Kama juu umebana na chini umeachama basi gari hiyo imelegea kiunoni, na hela yote iliyoingia kwenye injini na rangi imejengwa juu ya msingi mbovu.

Sababu ni hii. Gari ya kawaida ina paa, na lile paa kazi yake sio kuzuia mvua tu, ndo linaloshika bodi isijikunje. Chukua boksi la viatu lenye mfuniko uliobana, jaribu kulipinda, linagoma. Toa mfuniko, lipinde tena. Konvatibo ndo hilo boksi lisilo na mfuniko. Chevrolet walilijua hilo, fremu ya konvatibo ya 57 wakaiongezea vyuma vya msalaba katikati, umbo la X, ambavyo sedani haina, na bati la chini ya milango wakaliimarisha. Sasa mtu akija na injini ya kisasa na gia boksi kubwa ya otomatiki, inagongana na hiyo X. Fundi mzuri anakata pale inapobidi halafu anajenga njia nyingine ya kubeba ule uzito, au anaweka chasisi mpya kabisa, maana wapo kina Art Morrison wanaouza chasisi nzima za Chevrolet za 1955 mpaka 1957. Fundi mwenye haraka anakata, anaingiza gia boksi yake, anapuliza rangi nyeusi juu, kesho gari iko sokoni. Ukiwa umesimama huwezi kuona tofauti ya hawa wawili hata kidogo.

Kwa hiyo lala chini. We dereva wa lori, fremu iliyochoka unaijua, hapo huna haja ya mwalimu. Beba kigodoro na tochi nzuri, au mwombe muuzaji mwende gereji yoyote ya jirani yenye lifti, ulipie wewe. Tafuta ile X katikati ya fremu. Kama ipo nzima, vizuri. Kama imekatwa, tafuta kilichowekwa badala yake na uangalie mstari wa kuchomelea, uwe umelala mmoja mmoja kama magamba ya samaki, sio madonge madonge yaliyosagwa na grainda na kufunikwa na rangi nene. Sehemu ya fremu ikiwa na rangi mpya nene peke yake wakati kwingine kote ni ya zamani, uliza kwa nini, na usiondoke hapo mpaka upate jibu linaloeleweka.

Halafu omba jeki. Iweke chini ya fremu, nyuma kidogo ya tairi la mbele, nyanyua mpaka tairi liache ardhi, rudi kwenye mlango wa upande huo uufungue na kuufunga. Upenyo kubadilika kidogo ni kawaida, hata zilizotoka kiwandani zilikuwa zinacheza kidogo. Ila mlango ukigoma kufunga, au ukausikia unasugua nguzo, au kitasa cha ndani kikawa kigumu ghafla, we shusha jeki, shukuru kwa muda wako, ondoka. Muuzaji akikataa jeki pia nalo ni jibu, mtu anayejiamini na fremu yake atakuletea jeki mwenyewe.

Jambo la pili ni kujua kama ni konvatibo kweli. Usishangae. Hizi za wazi za Bel Air mwaka 57 zilitengenezwa zaidi ya 47,000, lakini wanaozitaka ni wengi kuliko zilizobaki, kwa hiyo wapo watu waliochukua hadtopu, yaani yenye paa la bati, ya milango miwili wakakata paa. Namba ya gari haitakusaidia hapa. Iko kwenye kibati kidogo kwenye nguzo ya bawaba ya mlango wa kushoto, inaanza na VC57, ambapo V ni injini ya V8, C ni Bel Air, 57 ni mwaka, kisha herufi ya kiwanda, mfano L ni Los Angeles, S ni St. Louis, F ni Flint. Haisemi ni gari ya paa au ya wazi! Watu wanaonyeshwa VC57 wanafurahi, kumbe sedani nayo ina VC57. Kinachosema ukweli ni kibati kingine kilichopigwa ribiti kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na kabini. Fungua boneti utakiona. Konvatibo ya Bel Air imeandikwa 57-1067D. Ukikuta 57-1037D hiyo ni hadtopu. Na ziangalie ribiti zenyewe, zikiwa mpya zinang'aa kwenye kibati chakavu, hicho kibati kimetembea kutoka gari nyingine.

Kuna mteja wetu mmoja, mzee aliyestaafu, alinunua ya kwake mnadani, nyeupe na bluu, ukiiona unasimama. Alituletea akilalamikia kioo cha mbele tu, kimepasuka mara mbili ndani ya mwaka na hajui kwa nini. Nikaifungua boneti nikasoma kibati, 1037D. Tukatoa zulia, tukatoa kile kifuniko cha kizingiti cha mlango, tukakuta humo ndani wamechomeka bomba la mraba, lile la kutengenezea mageti, limegusishwa na weldi vipande vipande tu, baadhi zimeshaachia. Kila gari ilipopanda kidaraja cha kuingilia nyumbani kwake bodi ilikuwa inajinyonga na mwisho wa ule mnyongo unakwenda kuishia kwenye fremu ya kioo. Yule mzee alisimama pembeni ya lifti kimya kwa muda mrefu, mkono kaushika mdomoni. Tuliijenga upya miezi saba na ikawa gari salama, lakini hela aliyotoa ingemnunulia konvatibo halisi toka mwanzo. Mpaka leo nikisoma kibati chochote namkumbuka.

Kuna kitu kingine cha siku hizi, bodi nzima mpya ya 57 ya wazi inatengenezwa kwa bati jipya na kuuzwa. Mi sina ubaya nayo hata kidogo, mara nyingi ni bora kuliko bodi ya zamani iliyoliwa na kutu kila kona. Shida ni pale muuzaji anapokwambia ni gari ya 57 iliyofanyiwa kastomu wakati cha 57 ni kile kibati tu kilichohamishwa. Kuhamisha au kuchezea namba ya gari ni kosa la jinai Marekani, na siku polisi wakiishuku gari unayekaa bila gari ni wewe uliyenunua. Kwa hiyo mwulize waziwazi, bodi ni ya zamani au mpya, na hati ya umiliki inasemaje, halafu linganisha namba ya hati na ya kwenye nguzo tarakimu kwa tarakimu.

Haya, injini. LS3 ni injini nzuri sana, lita 6.2, ilitoka kwenye Corvette ya 2008 ikiwa na nguvu ya farasi 430, spea zipo kila mahali hapo Houston. Ila weka akilini kwamba 57 ya kawaida ya V8 yenye injini ya inchi za ujazo 283 na kabureta ya midomo miwili ilikuwa na farasi 185. Unaongelea zaidi ya mara mbili ya nguvu kwenye ile ile bodi isiyo na paa, ndo maana nimekung'ang'aniza na fremu kwanza.

Na nguvu lazima iwe na wa kuisimamisha. Kiwandani hii gari ilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne na silinda kuu ya njia moja, yaani bomba moja la mafuta ya breki likipasuka zinaondoka zote nne kwa pamoja. Wewe umeambiwa diski, sawa, lakini angalia silinda kuu iwe ya vyumba viwili, nimeshaona diski za bei mbaya zimefungwa na silinda kuu ya zamani. Nguzo ya usukani ya kiwandani ni chuma kimoja kirefu kisichojikunja, ukigonga mbele kinakuja kifuani, kwa hiyo kwenye kastomu ya hela hiyo nategemea kuona nguzo ya kisasa inayojikunja, na mikanda, ambayo ifungwe kwenye fremu au kwenye chuma kilichoongezwa na sio kwenye bati la sakafu tupu. Kwa Texas hili nalisisitiza, kwa sababu toka Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya binafsi umefutwa, kwa hiyo hakuna mtu wa serikali atakayeiangalia hiyo breki kwa niaba yako, ni macho yako tu.

Mifuko ya hewa: mwambie aishushe yote, aipandishe, halafu muiache muda mrefu mkiendelea na mengine. Ikianza kulala upande mmoja kuna mahali inavuja. Pia shusha kabisa uangalie tairi za nyuma zinaingia wapi, mara nyingi fremu ya nyuma hukatwa nusu duara ili ekseli ipate nafasi, na hapo tena ni magamba ya samaki au madonge.

Hii habari ya kushusha magari ina historia ambayo naipenda. Vijana wa Kimeksiko wa Los Angeles walikuwa wanashusha magari yao toka baada ya Vita vya Pili, wengine wakijaza mifuko ya mchanga kwenye buti, wakitembea taratibu barabarani waonekane, wakati vijana wengine wanashindana mbio. California ikaja na kifungu 24008 cha sheria ya magari, mwaka 1958, kwamba hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kuwa chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka 1959 kijana mmoja anaitwa Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake, akimwona polisi anapandisha, polisi akipita anashusha. Kile kifungu kimekuja kuondolewa juzi tu, Januari 2024. Kwa hiyo ukibonyeza kile kitufe cha hewa ujue kina wazee nyuma yake.

Vitasa vilivyotolewa. Hii inapendeza kweli, ubavu unakuwa msafi kuanzia taa ya mbele mpaka kwenye mkia, jicho halikwami popote. Lakini sasa mlango unafunguliwa na solenoidi ya umeme kwa kitufe kilichofichwa au rimoti, na siku betri ikifa, turubai limefungwa, mvua ya Houston inanyesha, unaingiaje? Mwulize hilo swali kama lilivyo. Fundi aliyefikiria kazi yake atakuonyesha waya wa kuvuta uliofichwa chini ya bodi, au ncha mbili za kuchomekea betri kutoka nje. Aliyenyamaza hajawahi kufikiria.

Mdomo wa tangi la mafuta nao ni kitu kizuri kwenye 57, umefichwa nyuma ya urembo wa kromu mwishoni mwa bawa la nyuma la kushoto, watu wanazunguka gari nzima pale sheli hawauoni. Wafanya kastomu wengine wanauziba na kuuhamishia ndani ya buti. Ikiwa hivyo, funga buti dakika kumi, lifungue ghafla, nusa. Harufu ya petroli ikikupiga, hewa ya tangi haijatolewa nje vizuri na hiyo ni hatari kubwa, sio kasoro ya kuombea punguzo.

Turubai lifungue na kulifunga wewe mwenyewe mara tatu. Likiwa linakuja mbele liangalie linapokutana na ukingo wa kioo, vile vibanio viwili viingie bila mtu kusukuma kwa bega. Vikihitaji bega, rudi kwenye habari ya kiuno kulegea, ni ugonjwa ule ule unajitokeza sehemu nyingine. Pampu ya kulinyanyua turubai iko nyuma ya siti ya nyuma. Magari mengi ya wazi ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, ya miaka hiyo yalitumia mafuta ya breki kwenye hiyo pampu, na mafuta ya breki yakivuja yanakula rangi mpaka kwenye bati, kwa hiyo wengi tumehamia mafuta ya gia boksi ya otomatiki baada ya kubadilisha pampu na mipira yake. Ukiwa hapo nyuma ingiza mkono kwenye lile shimo turubai linapolala, papase chini kabisa. Maji hukaa hapo, na kutu huanzia hapo.

Sasa tufike kwenye rangi, maana najua unaingoja. Rangi ya kandi haipakwi kama rangi nyingine. Chini kuna rangi ya fedha au dhahabu yenye chembe za metali, juu yake unapuliza rangi inayopitisha mwanga, nyepesi, koti juu ya koti, kila koti linaongeza kina, halafu unafunga na klia, ile ya juu isiyo na rangi. Mwanga unapita mpaka chini unagonga ile fedha unarudi, ndo maana inaonekana kama ina maji ndani. Joe Bailon, fundi wa California, ndo anayetajwa kama mwenye ile kandi nyekundu ya tofaa. Uzuri wake ndo ugumu wake, kwa sababu ukikwaruza fenda hakuna fundi anayeweza kupaka hapo peke yake ikalingana, koti moja zaidi imekuwa nyeusi, koti moja pungufu imekuwa nyepesi, unapaka ubavu mzima. Kwa hiyo simama pembeni ya gari jua likiwa limeinama, angalia kutoka ncha hadi ncha, ukiona bawa moja lina wekundu tofauti na mlango, gari hiyo imegongwa au imerudiwa baada ya kukamilika. Uliza lini na kwa nini.

Watu watakwambia upitishe sumaku kutafuta puti. Ipitishe, ila ifunge kwenye kitambaa laini, na ujue kwamba kwenye kastomu sumaku haisemi yote kwa sababu mafundi wa zamani walijaza kwa risasi, ile metali, na risasi nayo haishiki sumaku. Mi nimefundishwa kazi ya risasi na mzee mmoja wa Kimeksiko, alikuwa anapasha chuma cha bodi kwanza, anakipaka bati jeupe la kushikia risasi, halafu analainisha ule mche wa risasi kwa moto mdogo mpaka unakuwa kama siagi iliyotoka kwenye friji muda kidogo, anausukuma kwa kibao cha mbao kilichopakwa nta ya nyuki, na alikuwa hapeleki moto pale pale, anaupitisha kama anapepea. Sekunde mbili zaidi, yote iko sakafuni. Ukikuta risasi iliyolazwa hivyo chini ya rangi ni baraka, itakaa miaka mingi. Puti nayo ikiwa nyembamba sio dhambi, sisi wote tunaitumia, ila puti nene kidole kizima juu ya kutu ni kaburi lililopakwa chokaa. Cha kukutofautishia ni picha. Mwombe muuzaji picha za gari ikiwa bati tupu kabla ya rangi. Gari ya dola 92,000 isiyo na hata picha moja ya bati tupu, hiyo ni mbuzi kwenye gunia.

Na uliza jina la aliyeijenga. Kwenye kastomu jina la fundi ni sehemu ya gari. Ile Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, iliyojengwa na gereji ya kina Barris, Sam na George, hapa Los Angeles mwaka 1952, iliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, Januari 2022 kwa karibu dola milioni mbili, na hiyo ni Mercury ambayo bila ile mikono ingekuwa gari ya mtu wa kawaida tu. Sikwambii yako itafika huko. Nakwambia kilicholipiwa pale ni mikono. Ukipata jina, mpigie huyo fundi mwenyewe, mwulize X ya fremu aliifanyaje. Aliyeifanya vizuri atakueleza mpaka simu iishe chaji.

Kuhusu orijino au kastomu. Hii 57 unayoiona leo ni mfalme, ilipotoka haikuwa hivyo, GM walitaka bodi mpya kabisa mwaka huo ikachelewa mpaka 58, ikabidi timu ya Harley Earl, mkuu wa usanifu wa GM, wachukue bodi ya mwaka wa tatu waipe mabawa, ile wavu ya mbele ya rangi ya dhahabu, lile bati la alumini lenye mistari ubavuni. Ilipendwa zaidi ilipozeeka. Kama hiyo unayoifuata ingekuwa ilizaliwa na 283 yenye fyuli injeksheni ya Rochester, ambayo ya juu kabisa ilitoa farasi 283, moja kwa kila inchi, ningekwambia ni kosa kuigusa hata waya. Lakini konvatibo ya kawaida iliyokwisha kubadilishwa na fundi mzuri, kwa mtu kama wewe anayetaka kuendesha kwenye joto la Texas na barabara zenu za kasi, naiona ni chaguo sahihi kuliko orijino utakayoiogopa. Ila dai makasha. Vitasa, nembo, urembo wa ubavuni, kila kilichotolewa, vije na gari, kwa sababu siku ukitaka kuirudisha au kuuza ndo utajua thamani yake.

Shemeji hajakosea moja kwa moja. Hela inayoingizwa kwenye kujenga kastomu hairudi yote, anayejenga ndo anayeumia, na kwa hiyo anayenunua iliyomalizika anakuwa na nafuu, mradi asije akalazimika kuijenga tena. Mweleze hivyo. Na mkinunua, bima iwe ya thamani mliyokubaliana na kuandika, sio bima ya kawaida ambayo siku ya ajali itakulipa kama gari chakavu ya mwaka 57.

Tanga naielewa sana hamu yako, lakini nakuomba uisubirishe. Chumvi ya bahari na unyevu wa pwani vinaingia kwenye vile vizingiti vya milango ambavyo ndo uti wa mgongo wa konvatibo, havionekani mpaka vimeisha, na usukani uko kushoto, na mtu wa kulainisha ile kandi ikikwaruzwa utamtoa huku. Ukishaamua kweli, masuala ya ushuru na usajili yaulize TRA kwanza upate jibu la maandishi kabla hujalipia meli.

Jumamosi nenda asubuhi, mwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue kaipasha ili uisikie inawaka vizuri. Halafu nitumie picha tatu: kibati cha kwenye ukuta wa injini, X ya fremu ukiwa umelala chini, na upenyo wa mlango wa dereva gari ikiwa kwenye jeki. Nikiziona hizo tatu nitakujibu siku hiyo hiyo, na kama ziko sawa nitakwambia bei ya kuanzia kuongea naye.